WAPIGA KAFI WA NYANZA
Mabaharia wa kwanza wa pwani ya Mara na nafasi yao katika historia ya Kanisa

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa historia ya Kanisa katika Afrika Mashariki huanza safari yake kwa kawaida katika pwani ya Bahari ya Hindi. Husoma habari za Krapf na Rebmann huko Rabai, za Bagamoyo na mapadre wake, za Unguja na soko la watumwa. Kisha huongozwa bara kwa njia ya misafara mpaka Uganda, ambako hukutana na Mackay, na Lourdel, na wale vijana waliokufa motoni Namugongo mwaka 1886. Lakini kati ya Kageyi, kusini mwa Ziwa Nyanza, na jumba la Kabaka Mutesa, kuna maji mengi. Vitabu vyetu huyapita maji hayo upesi mno. Huambiwa tu kwamba wamisionari walivuka ziwa, na mara wamekwisha fika.

Ni nani basi aliyewavusha? Katika makala hii tunakusudia kulijibu swali hilo kwa kutazama maisha ya mabaharia wa kwanza wa Nyanza, hasa wale wa pwani ya mashariki ambayo leo ni Mkoa wa Mara. Tunaandika tukielekeza macho yetu Nyasho, mojawapo ya kata za mji wa Musoma. Mchungaji anayetumwa kufanya kazi katika mji ule huwakuta washarika ambao riziki yao yatoka majini: wavuvi, wachuuzi wa samaki na dagaa, mafundi wa mitumbwi, na watu wanaopanda boti Mwigobero kuvuka ghuba kwenda Kinesi. Watu hao wana historia, nayo ni ya kale kuliko mji wenyewe na ya kale kuliko Kanisa katika nchi ile.

Hoja yetu ni hii. Injili ilifika katika nchi za Nyanza ikiwa abiria. Ilipanda chombo cha watu wengine na kupita katika njia iliyokwisha kufunguliwa na watu hao. Lakini chombo hichohicho kilibeba pia mateka. Kwa hiyo historia ya Kanisa isiyomtaja mpiga kafi hupoteza mambo mawili kwa pamoja: shukrani inayostahili na toba inayostahili.

2. Pwani ya mashariki na watu wake

Ziwa hili lina eneo la kilometa za mraba zipatazo 68,800, nalo liko kiasi cha meta 1,134 juu ya usawa wa bahari. Waganda waliliita Nalubaale, Waluo wakaliita Nam Lolwe, na watu wengi wa lugha za Kibantu waliliita kwa jina lenye maana ya maji makuu, ambalo kwetu limekuwa Nyanza. Jina la Malkia wa Uingereza lililetwa na Speke, aliyeliona ziwa kwa mara ya kwanza karibu na Mwanza mwezi Agosti 1858.

Musoma imejengwa juu ya rasi iliyoingia ziwani, penye mlango wa Ghuba la Mara. Kandokando yake waliishi Wakwaya. Kusini zaidi wakakaa Waruri na Wajita, chini ya mlima Majita unaoonekana kutoka mbali sana majini. Ng'ambo ya ghuba, upande wa kaskazini, ziko nchi za Wasuba na Waluo mpaka Shirati na kupita. Nyuma ya hao wote, bara, waliishi Wazanaki, Waikizu, Wakuria na wengine, watu wa mifugo na mashamba ambao wengi wao hawakuyazoea maji.

Hii ndiyo maana twaiita pwani ya mpakani. Hapa mtu wa ng'ombe alikutana na mtu wa samaki, na lugha za Kibantu zikakutana na Kijaluo. Mpaka mwingine ulikuja baadaye, nao ulichorwa Ulaya. Kwa mapatano ya mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walivuta mstari kutoka mto Umba, kwenye Bahari ya Hindi, mpaka ukingo wa mashariki wa ziwa penye latitudo ya digrii 1 kusini. Mwaka 1890 wakauendeleza mstari huo juu ya maji mpaka upande wa pili. Waliouchora hawakuwauliza waliokuwa wakipita humo kila juma.

Kwa kuwa watu wa pwani hii waliliona ziwa kuwa njia, mpaka juu ya maji haukuwa na maana kwao. Masimulizi ya Wasuba wa Rusinga na Mfangano yasema kwamba wazee wao walitoka upande wa Uganda, wakikimbia machafuko ya utawala, wakaja kwa mitumbwi kisiwa hadi kisiwa. Watu wa Ukerewe, Ukara, Irugwa, Rukuba na Majita walioana, wakauziana na wakapigana. Hata neno lenyewe lashuhudia: katika lugha nyingi za Kibantu zinazolizunguka ziwa, jina la mtumbwi lina shina moja lilelile. Jambo lenye jina moja pande zote za maji haliwezi kuwa geni la jana.

3. Chombo na kazi yake

Yafaa tukijue chombo chenyewe. Mitumbwi midogo ilichongwa katika gogo moja, nayo ilifaa kwa uvuvi wa karibu. Lakini kwa safari ndefu mafundi wa Nyanza walijenga mtumbwi wa mbao zilizoshonwa, ambao umejulikana zaidi kwa jina la visiwa vya Sese. Chini palilazwa mkuku uliochongwa kwa gogo refu. Juu yake zikapandishwa mbao za ubavuni, zikatobolewa matundu na kushonwa kwa nyuzi za mimea, kisha nafasi zikazibwa kwa nyuzinyuzi. Hapakuwa na msumari hata mmoja. Wasomaji wetu wa pwani ya bahari watakumbuka mtepe wa Lamu, ambao nao ulishonwa.

Katika mitumbwi mikubwa ya Uganda mkuku ulitokeza mbele ya chombo, na juu yake ukasimamishwa ubao uliopambwa kwa pembe za mnyama na manyoya. Mtumbwi mkubwa uliweza kupita meta 20 kwa urefu na kuchukua wapiga kafi zaidi ya 30. Waliketi wawiliwawili juu ya mbao za kukalia, kila mmoja akiwa na kafi fupi mkononi, nyuso zao zikielekea mbele. Tanga halikujulikana kwao kabla ya kuja kwa wafanyabiashara wa pwani.

Chombo kilichoshonwa huvuja. Kwa sababu hiyo palikuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kufua maji safari nzima, na akichoka yeye wote wamo hatarini. Safari ilianza alfajiri, wakati maji yametulia, maana mchana upepo huvuma kutoka ziwani na mawimbi huinuka ghafula. Waliambaa pwani, wakipima mwendo wao kwa vilima na visiwa, na usiku walivuta chombo mchangani na kulala nchi kavu. Kuvuka maji makuu kwa mara moja kulikuwa jambo la dharura. Aliyejua mahali pa miamba, dalili za dhoruba na visiwa vyenye wenyeji wakali ndiye aliyekuwa nahodha, na elimu hiyo alirithi kwa baba yake au kwa mjomba wake.

Maisha ya namna hiyo hayakukosa ibada. Waganda walimheshimu Mukasa, na Wahaya Mugasha, kuwa mwenye maji na dhoruba, na msafiri hakuthubutu kuondoka bila kumtolea kitu. Wamisionari waliandika habari hizo kwa dharau. Sisi twaweza kusoma ndani yake jambo jingine: mtu aliyejua kwamba uhai wake hauko mikononi mwake.

Ni lazima pia tuseme kwamba kafi haikuwa huru mahali pote. Katika ufalme wa Buganda mitumbwi ilikuwa chini ya Gabunga, mkuu wa ukoo wa Kamongo, na wapiga kafi wengi walitoka Sese. Kazi yao ilikuwa wajibu kwa Kabaka. Waliitwa wakati wa vita na wakati wa kuleta wageni, hata kama mashamba yao yalikuwa yakingoja. Upande wa Mara hapakuwa na mfalme wa namna hiyo. Pwani yetu ilikuwa na vyombo vichache zaidi na watu waliojitawala kwa koo, na kwa hiyo ilikuwa rahisi zaidi kushambuliwa.

4. Shehena

Mitumbwi ilibeba nini? Ilibeba samaki waliokaushwa, nafaka, chumvi, ngozi, mbuzi na majembe. Majembe ya chuma yaliyofuliwa na wafua chuma wa Uzinza yalifika Ukerewe, na kutoka huko yakasafiri mashariki. Mahali pengi jembe lilikuwa chombo cha kulimia na vilevile mali ya kuolea. Katika karne ya 19 biashara ya pembe za ndovu ilipamba moto, na wafalme wa Ukerewe wakawa madalali kati ya pwani ya mashariki na misafara iliyokuja kusini mwa ziwa kutoka Unyanyembe. Nguo, shanga na bunduki zikaanza kuonekana.

Lakini ilibeba pia watu. Njaa ilipoingia nchi za Mara, wenye shida walielekea Ukerewe na Usukuma kutafuta chakula. Masimulizi ya wazee wa nchi hizo hayafichi kwamba mtoto aliweza kuachwa kuwa rehani kwa ajili ya nafaka, ili wengine wa nyumba ile waishi. Wengine walitekwa vitani au walipokuwa wakichota maji pwani. Baadhi yao walimezwa na koo za Ukerewe, wakawa watoto wa nyumba, hata wajukuu wao wakasahau asili. Wengine waliuzwa mbele zaidi na hawakurudi. Maafa yaliongezeka mwanzoni mwa miaka ya 1890, sotoka ilipoteketeza ng'ombe wa Afrika Mashariki na kuwaacha watu wa mifugo bila ngao dhidi ya njaa.

Mpiga kafi alikuwa katikati ya mambo hayo yote. Mikono iliyomleta mjomba mwenye nafaka ndiyo iliyompeleka mtoto wa rehani. Tusimfanye mpiga kafi kuwa malaika kwa sababu tu amesahauliwa. Alikuwa mtu kama sisi, katika uchumi ambao hakuuanzisha lakini aliutumikia.

5. Mashua za wageni, 1875 hadi 1878

Tarehe 8 Machi 1875 Henry Morton Stanley aliondoka Kageyi katika mashua yake, Lady Alice, iliyokuwa imebebwa vipande vipande mabegani mwa wapagazi kutoka Bagamoyo. Alizunguka ziwa lote kwa muda wa siku 57. Kwanza aliambaa pwani ya mashariki, akapita Ghuba la Speke, Ukerewe, Majita na nchi ya Waruri, akaendelea kaskazini mpaka Uganda. Ulimwengu ulimsifu. Lakini ndani ya mashua ile walikuwamo watu 11, Waswahili na Waafrika waliotoka naye pwani ya bahari, ambao hawakutaka kwenda na walichaguliwa baada ya watu kukosa kujitolea. Mshika usukani aliitwa Wadi Safeni. Huko Bumbire, katika pwani ya magharibi, wenyeji waliwanyang'anya makasia, nao wakaokoka kwa kung'oa mbao za mashua na kuzitumia kupigia maji, huku Stanley akifyatua risasi. Miezi michache baadaye alirudi na jeshi la mitumbwi kulipiza kisasi, na watu wengi wa Bumbire wakauawa.

Tunayataja hayo kwa sababu mwaka uleule barua ya Stanley, iliyowaalika Wakristo wa Uingereza kupeleka walimu kwa Mutesa, ilichapishwa London mwezi Novemba. Wamisionari wa CMS walioitikia mwito ule waliingia katika maji ambayo damu ilikuwa imekwisha mwagika ndani yake kwa mkono wa yule aliyewaita.

Nao walileta mashua yao, Daisy, ambayo pia ilibebwa na wapagazi. Luteni Shergold Smith, aliyekuwa ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, alivuka ziwa pamoja na Wilson, wakafika Uganda mwezi Juni 1877. Kisha Smith akarudi kusini, alikokuwako mwenzake O'Neill. Huko Ukerewe walikuwa wamenunua jahazi kutoka kwa Songoro, mfanyabiashara kutoka pwani aliyekaa Kageyi kwa miaka kadhaa. Songoro alilijenga jahazi lile katika kisiwa cha Ukerewe, naye Mfalme Lukonge alidai kwamba hajalipwa haki yake. Mwezi Desemba 1877 ugomvi ulizuka. Songoro alikimbilia kwa Waingereza, nao hawakumtoa. Smith, O'Neill, Songoro na watu wao wengi waliuawa.

Habari hiyo imeandikwa mara nyingi kuwa habari ya mashahidi, na sisi hatuwavunjii heshima waliokufa. Kumkinga mtu aliyekimbilia kwako si jambo dogo. Lakini mwanahistoria wa Kanisa hana budi kuuliza maswali ambayo mabaharia wa Nyanza wangeuliza. Miti ya jahazi ilikuwa ya nani? Songoro alikuwa mtu wa namna gani? Stanley, aliyemkuta Kageyi mwaka 1875, anamtaja kuwa mfanyabiashara ya watumwa. Kwa hiyo chombo kilichonunuliwa kwa ajili ya Injili kilikuwa kimejengwa kwa mali ya biashara ile. Wamisionari walihitaji chombo, na waliokuwa na vyombo vya tanga ziwani ni wafanyabiashara wa namna hiyo. Shida yao twaielewa. Hata hivyo Lukonge naye hakuwa mwendawazimu aliyeua bila sababu. Alikuwa mtawala wa kisiwa aliyeona chombo kilichojengwa kwa miti yake kikipita mikononi mwa wageni.

Inatupasa kumtaja hapa Alexander Mackay, aliyefika Kageyi mwezi Juni 1878. Kabla ya kuendelea na safari yake alikwenda Ukerewe bila silaha kuonana na Lukonge, ili kulipiza kisasi kusiwe ndilo neno la mwisho. Kisha akaitengeneza Daisy, akaondoka na Wilson. Dhoruba iliitupa mashua katika pwani ya magharibi, ikavunjika. Waliondoa sehemu ya katikati iliyoharibika na kuunganisha ncha mbili, chombo kikawa kifupi lakini kikafika Uganda mwezi Novemba. Miezi mitatu baadaye, tarehe 17 Februari 1879, Padre Lourdel na Bruda Amans nao wakatia nanga Uganda, baada ya kuvuka kwa mtumbwi. Tangu hapo, kwa miaka zaidi ya 20, barua, vitabu, karatasi za kupigia chapa, wakatekumeni na wakimbizi wa dini zote walipita juu ya mbao za kukalia za wapiga kafi.

Sisi Walutheri tusidhani kwamba habari hii ni ya Waanglikana na Wakatoliki peke yao. Wamisionari wa Bethel walipofika Bukoba mwaka 1910 walikuta vikundi vya Wahaya waliokwisha kujifunza kusoma na kuomba kwa njia ya Waganda. Neno lilikuwa limekwisha kuvuka. Katika pwani ya Mara wamisionari Wakatoliki walianza Nyegina mwaka 1911, Waadventista walikuwa Majita kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na Wamenoni wakaanza Shirati mwaka 1934. Kila mmoja wao aliikuta njia ya maji ikiwa tayari.

6. Malale, meli na mwisho wa mitumbwi mikubwa

Mambo mawili yaliwaangusha mabaharia wa kale wa Nyanza. La kwanza ni ugonjwa wa malale. Ulizuka upande wa Busoga karibu na mwaka 1901 na kuua watu zaidi ya 200,000 katika pwani na visiwa vya Uganda kwa muda wa miaka michache. Mbung'o walikaa katika vichaka vya kando ya maji, hasa mahali palepale pa kupakia na kupakua mitumbwi. Daktari Robert Koch alikuja Sese mwaka 1906 kutafuta dawa; upande wa Wajerumani kambi ya wagonjwa ilifunguliwa Shirati. Serikali ya Uingereza iliwaondoa watu pwani, na mwaka 1909 waliobaki Sese wakahamishwa visiwani mwao. Mitumbwi ikakatazwa. Watu waliokuwa mabaharia wakuu wa ziwa walifika bara kama wakimbizi, mikono mitupu.

La pili ni meli za moshi. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwezi Desemba 1901. Kabla ya hapo vipande vya meli William Mackinnon vilikuwa vimebebwa kutoka pwani ya bahari, na meli ikashushwa majini mwaka 1900. Zikafuata Winifred, Sybil, na mwaka 1907 Clement Hill. Safari iliyowachukua wapiga kafi majuma sasa ilichukua siku. Shehena ya pamba, ngozi na karanga ikapita bandarini, na Musoma, iliyokuwa boma la Wajerumani, ikawa kituo cha meli.

Mpiga kafi hakutoweka. Alibadili kazi. Wapo waliokuwa wapakuaji bandarini, wapo waliokoka makaa au kuni tumboni mwa meli, na wapo waliorudi kwenye uvuvi, ambao nao ulibadilika nyavu za kitani zilipoingia Ghuba la Kavirondo karibu na mwaka 1905. Katika meli, kapteni alikuwa Mzungu, na elimu ya miamba na upepo iliyorithiwa kwa vizazi haikupewa cheti. Lakini ziwa halikukubali kudharauliwa. Tarehe 5 Novemba 1914, wakati wa vita, meli ya Sybil ya Waingereza iligonga mwamba karibu na Majita, katika maji ambayo wavuvi wa Kijita waliyajua tangu utoto. Ilikaa hapo miezi sita mpaka ilipoopolewa mwezi Mei 1915. Vita ya Wazungu ilipiganwa mbele ya macho ya watu wa pwani yetu, na mwaka 1916 bendera ikabadilika.

7. Tafakari ya kitheolojia

Habari hizi zina uzito gani kwa mtumishi wa Neno? Twaona mambo matatu.

Kwanza, Maandiko yenyewe yana mabaharia wasio na majina, nayo huwatendea kwa heshima kuliko tunavyofanya sisi. Katika sura ya kwanza ya Yona, nabii amelala na wapagani ndio wanaoomba. Wanapojua kwamba yeye ndiye chanzo cha dhoruba, hawamtupi mara moja. Kwanza wanajitahidi kwa makasia kumrudisha nchi kavu. Mwishoni wanamtolea Bwana sadaka na kuweka nadhiri. Tunapohubiri juu ya Yona, mara nyingi tunamsahau mpiga kasia aliyetaka kumwokoa mhubiri mkaidi. Wapiga kafi wa Nyanza walifanya kazi hiyohiyo. Wengi wao walikufa kabla ya kulielewa neno lililokuwamo ndani ya masanduku waliyoyabeba.

Pili, Ufunuo sura ya 18 hutaja orodha ya bidhaa za Babeli, na orodha hiyo inaishia na watu, miili yao na nafsi zao. Baada ya orodha hiyo, mabaharia na manahodha wanasimama mbali na kuomboleza kwa kuwa biashara imekwisha. Yohana anajua kwamba shehena ina maadili yake, na kwamba anayebeba hawezi kusema hakuona. Neno hili latuhusu. Jahazi la Songoro ni onyo kwa kila Kanisa linalohitaji chombo: gari, jengo, mashine ya chapa, fedha za mradi. Swali la chombo kimetoka wapi na kimejengwa kwa miti ya nani ni swali la theolojia. Aidha, katika sharika za kandokando ya ziwa wamo wajukuu wa waliouzwa na wajukuu wa waliouza, wakishiriki Meza moja ya Bwana. Kukaa kimya juu ya jambo hilo si upatanisho. Upatanisho huanza pale ambapo jambo limetajwa kwa jina lake.

Tatu, ziwa laendelea kuchukua watu. Tarehe 21 Mei 1996 meli MV Bukoba, iliyoruhusiwa kuchukua abiria 430, ilizama karibu na Mwanza ikiwa imejaa kupita kiasi, na watu wanaokadiriwa kuwa zaidi ya 800 wakafa. Dayosisi zetu za magharibi mwa ziwa zilizika siku nyingi. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, nacho kilikuwa kimejaza kuliko uwezo wake. Zaidi ya watu 220 wakapoteza maisha. Hatutaji habari hizi ili kuwatia watu hofu ya maji. Twazitaja kwa sababu nahodha wa kale wa mtumbwi ulioshonwa alijua idadi ya watu ambao chombo chake kiliweza kuchukua, na alikataa kuondoka upepo ukiwa mbaya. Elimu hiyo ilidharauliwa kwa kuwa haikuandikwa. Mchungaji wa Nyasho anapowaombea wavuvi wanaoingia ziwani jioni na taa zao za dagaa, na awaombee kwa sala inayojua kazi yao. Tena asinyamaze anapoona chombo kimejazwa kupita kiasi.

8. Hitimisho

Wahenga wa pwani husema kwamba dau la mnyonge haliendi joshi, na likienda joshi ni Mungu kupenda. Historia tuliyoieleza ni ya dau la mnyonge. Wenye meli wameandikwa, na meli zao zina majina mpaka leo: Lady Alice, Daisy, Sybil. Waliopiga kafi wametajwa kwa idadi tu, na mara nyingi hata idadi haikutajwa.

Marekebisho yako ndani ya uwezo wetu. Mwanafunzi wa theolojia anayetumwa Musoma, Majita, Shirati au Ukerewe kwa mazoezi ya kazi na aende na daftari. Na awaulize wazee wa kike na wa kiume: ukoo wenu ulikuja kwa njia gani? Nani alijua kushona mtumbwi? Wakati wa njaa nani alivushwa, na nani hakurudi? Mambo hayo ayaandike kwa lugha ya msimulizi, na ayalete chuoni yawekwe pamoja na kumbukumbu za misioni, ili kumbukumbu hizo zisomwe kwa macho mawili. Kazi hiyo haingoji fedha kutoka nje. Inangoja mtu mwenye subira ya kukaa na kusikiliza.

Mwinjili Marko, anaposimulia habari ya Bwana kuituliza dhoruba, ana neno dogo ambalo Mathayo na Luka hawana: kwamba palikuwa na vyombo vingine pamoja na kile alichopanda Yesu (Mk 4:36). Vyombo vile havitajwi tena. Lakini upepo ulipokoma, ulikoma kwao pia. Historia ya Kanisa katika nchi za Nyanza imeandikwa mpaka sasa kutoka katika chombo kimoja. Ni wakati wa kuvitazama vile vingine, na kuwauliza waliomo majina yao.